Vikombe Vitupu Kilimani

Kijiweni kwa mama Asnakech, kando ya ukuta wa kanisa, kahawa ni raundi tatu, na anayeondoka kabla ya ile ya tatu, ya baraka, kajitakia mwenyewe. Asubuhi hiyo mumewe Wubshet, ambaye kwa heshima huitwa Gashe, alikunywa ya kwanza bila kuisikia ladha. Kule juu, kwenye shamba lake, binti wa kampuni alikuwa akiukagua mlingoti mfupi wa kupimia upepo. Upepo ukitosha, mitambo ya umeme itajengwa, na mitambo haiji bila barabara. Usipotosha, barabara itakwenda Gosh Meda, kijiji cha watani wao, na Wubshet alikwisha kuwatambia hao kwenye harusi mbili na msiba mmoja.

— Upepo umepungua, — alisema Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. — Dereva wao kaniambia.

— Umepungua wapi? Juzi si umeondoka na kofia yangu?

— Huo wa bondeni, Gashe. Wa kilimani wameiba Gosh Meda. Wamechimba pango upande wa pili, ukiingia hautoki.

— Pango la kuwekea upepo?

— Akiba haiozi.

Shemasi, aliyeacha masomo ya kanisa akabaki na sauti tu, aliguna.

— Pango gani! Hapa tatizo ni adabu. Mlingoti una vikombe vitatu juu, sivyo? Vina nini ndani?

— Havina kitu. Vinazunguka tu.

— Ndiyo hivyo! Upepo ni mgeni, na anawekewa vikombe vitupu miaka nenda rudi! Hata mimi nisingerudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Kwani wewe umepona?

Asnakech alimimina raundi ya pili.

— Basi kesho nipande na birika, — alisema.

— Na shayiri ya kukaanga usisahau, — Shemasi alimjibu, wala hakucheka.

— Au upepo umezeeka, — alisema Redio. — Enzi za babu ulikuwa unabeba punda na mzigo wake.

— Nyamazeni! — Wubshet alifoka. — Mlingoti ule nimeutunza kuliko mkwe!

Binti wa kampuni, Hiwot, akashuka na vumbi lake. Alipewa nafasi, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

— Gashe, mwanzoni upepo wenu ulikuwa mzuri mno. Kisha kila mvua zikipita, vipimo vinashuka. Ofisi imeniambia kesho niung'oe mlingoti.

— Pango! — alisema Redio.

— Vikombe! — alisema Shemasi.

— Nina swali dogo tu, baba zangu. Ile mikaratusi iliyouzunguka mlingoti, nani kaipanda?

Redio alichungulia kikombe chake. Shemasi alifanya ishara ya msalaba. Miche waliipanda wote watatu, na Wubshet aliimwagilia kila kiangazi mpaka ikavipita vile vikombe. Hapa nyumba ikiwa kilimani hukingwa upepo kwa mikaratusi. Nani angeuacha mlingoti peke yake? Aibu ilimpanda Wubshet hadi masikioni.

— Tuliuonea huruma, mwanangu, — alisema polepole. — Ulikuwa unapigwa sana na upepo.

Hiwot aliuma mdomo asicheke.

— Kesho nikikuta visiki, nitawaomba ofisini tupime upya.

Wubshet aliinuka, na ya baraka bado haijamiminwa.

— Asnakech, shoka liko wapi?

— Gosh Meda, — alisema mkewe. — Uliwaazima siku ile ya harusi, ulipokuwa ukiwatambia.