Mkojo wa Farasi wa Reuben

Kijiwe chetu pale Voi kilikuwa taruma la reli lililolazwa juu ya mawe kama benchi, mbele ya duka la Abdulghani, upande wa njia ya Taveta. Mimi nilikaa pembeni na dele langu la kahawa ya tangawizi na beseni la mahamri. Kalamu sikuwahi kufunzwa, lakini maneno ya watu nimeyaweka masikioni hadi leo, na sauti za wenyewe. Abdulghani tulimwita Balozi, kwa vile alisema kama mtu aliyetumwa na serikali. Zephaniah alikuwa Injini, mstaafu wa reli. Kituku tulimwita Msumeno, ulimi wake ulikata kwenda na kurudi. Waliyekuwa wakimzungumzia ni mwenzao Reuben, saisi wa bwana mmoja mwenye shamba la mkonge, aliyekuwa akimlisha na kumsugua farasi wake. Farasi yule alipelekwa Nairobi kwa treni akashinda mbio, na Reuben akatoka gazetini ameshika hatamu. Asubuhi hiyo ndipo habari ilipofika: mkojo wa farasi umepimwa, umekutwa na dawa, ushindi umefutwa. Bwana anasema Reuben ndiye aliyempa farasi hiyo dawa. Mchana ataitwa ofisini, na akikosa la kujitetea, kazi imekwenda, na nyumba ya shamba anamolala na watoto imekwenda pia.

— Nilijua, akaanza Kituku hata kabla hajapuliza kahawa yake. Mtu hawezi kwenda Nairobi na mavi ya farasi kwenye suruali akarudi na redio.

— Redio yenye mkanda wa ngozi, akasema Injini.

— Umeiona wewe?

— Nimeisikia. Anaiweka dirishani makusudi. Siku hizi mtu akifa Ulaya, mimi napata habari kwa Reuben.

Balozi akaweka kikombe chini taratibu.

— Jamaa, tusimseme mtu kwa wivu. Mimi sina wivu naye, wallahi. Nauliza tu. Mtu aliyekuwa akinunua sigara moja moja dukani kwangu, juzi ameniuliza kama ninazo zile za pakiti ya dhahabu. Nimjibu nini?

— Mjibu huna.

— Sinazo kweli! Ndilo linaloniuma.

— Haya, nikasema mimi, na hiyo dawa ni dawa gani?

— Miraa, Kituku akasema. Mama Jerusha, usiniangalie hivyo. Amemtafunisha miraa kutoka hapa mpaka Makindu. Farasi amefika Nairobi macho kama taa, usingizi hana, hata ungemwambia akimbie mpaka Kisumu angekwenda.

— Wacha mambo yako, akasema Injini. Hii ni sindano. Yule farasi alivimba mguu wa mbele, akachomwa sindano, kila mtu anajua. Sasa dawa mwilini ni kama uchafu wa maji kwenye boila. Mvuke unatoka, uchafu unabaki chini. Lazima ufungue bomba la chini, umwage, ungoje, umwage tena. Farasi bomba lake ni mkojo. Hujamaliza kumwaga, usimpeleke mbioni.

— Kwani si angemnywesha maji mengi tu?

— Mapipa! Angemnywesha mapipa. Lakini Reuben amefanya kazi wapi na boila?

Balozi akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kumhurumia mtu.

— Nyinyi hamjaelewa. Mmewahi kuona farasi akitapika? Hatapiki. Binadamu akila kibaya anatapika, kwisha. Farasi, kilichoingia kimeingia. Ile dawa inazunguka ndani inatafuta mlango, haiupati, inateremka mpaka kwenye kwato. Inakaa humo. Haitoki mpaka kwato zikatwe.

— Sasa mkojoni ilifikaje, kama iko kwatoni?

— Alipiga mguu chini, ikaruka.

Kituku akainua mkono kuwanyamazisha.

— Nawaambia ukweli, na msiseme nimewaambia mimi. Ule mkojo si wa farasi.

— Wa nani basi?

— Wa Reuben! Fikirini. Mnyama mgeni, mji wa watu, daktari wa mbio amemkingia chupa chini ya tumbo. Wewe ungekojoa? Farasi amegoma. Daktari kageuka kuwasha kiko, Reuben akasaidia. Na Reuben mnajua alikuwa anakunywa dawa ya mgongo.

— Kisha chupa ikapigwa muhuri wa lakiri?

— Lakiri nyekundu, kama barua ya gavana! Ikapandishwa gari na dereva wake. Bwana wee, mkojo wa Reuben umetembezwa Nairobi kwa gari, na wangu mimi haujapita Mwatate!

Walicheka mpaka Injini akamwaga kahawa. Mimi nikacheka nao, lakini moyoni nikaona hawa watu hata mkojo wanamwonea wivu mwenzao.

Tulikuwa bado tunafuta machozi alipokuja Wakesho, mke wa Reuben, mwanamke ambaye siku zote alipita pale bila kusimama.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo, mama. Karibu, pole na yaliyowapata, akasema Balozi.

— Nimeshapoa. Nimekuja na swali moja. Siku farasi alipopelekwa stesheni, Reuben anasema bwana wa shamba na daktari wa mifugo walisimama hapa, mbele ya taruma hili. Daktari akasema dawa ya mguu bado imo damuni, farasi asisafiri. Bwana akasema apakiwe. Leo daktari amehamishiwa Marsabit, na bwana anasema hakuambiwa neno. Nyinyi mlikuwa hapa. Daktari alisema nini?

Mimi siku hiyo nilikuwa Rukanga kwenye matanga, sikusikia lolote. Basi nikawatazama nyuso. Injini alikuwa anachungulia kikombe kitupu. Balozi alikuwa anatazama mlango wa duka lake kana kwamba kuna mteja. Nikajua walisikia, wote watatu.

— Mama, akasema Kituku, na sauti yake haikuwa ile ya msumeno, siku ile hatukusikiliza sana. Tulikuwa tunatazama viatu vya Reuben.

— Viatu?

— Vipya. Alisimama navyo hapo.

— Vilikuwaje?

— Vyeusi, akasema Injini.

— Vyeusi vya kamba, Balozi akaongeza. Na kisigino kina kichuma kidogo kwa ndani.

Wakesho akatikisa kichwa polepole.

— Kichuma cha kisigino mlikiona. Basi mlikuwa karibu hivyo.

Kisha Wakesho akajibana kati ya Injini na Kituku, akakaa, akaweka kikapu magotini.

— Ofisi itafunguliwa wakishakula. Namngoja wa kunisindikiza, akaseme aliyoyasikia.

Nikainamisha dele, likatoa machicha tu. Kahawa ikiisha ndio wakati wa kila mtu kushika njia yake. Siku hiyo jua lilisogea likawapiga usoni, na wanaume watatu wakabaki wamekaa, kila mmoja akingoja mwenzake ainuke kwanza, maana atakayeinuka ataulizwa anakwenda wapi.