Fundi wa Kubomoa na Ukuta Uliomshinda

Ndugu zetu, majirani, na mafundi mlioacha kazi asubuhi hii, kabla hatujamkabidhi kwa moto mzee wetu, tuliyemzoea kwa jina la Nyundo, familia inaomba myasikie maisha yake kwa ufupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika chumba cha mbele cha nyumba hii hii, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala na mama mshika dini ya Kihindu, na miaka mitatu baadaye akapata mdogo wake wa kiume, wakalala kitanda kimoja hadi miguu ikaanza kutokeza nje. Alianza shule Januari 1959, akamaliza darasa la saba mwaka 1965, walimu wakimkumbuka kwa kuifungua saa ya ofisini ili aone kilichomo, kuifunga kukamshinda.

Mwaka 1968 aliajiriwa na mkandarasi kubeba mawe, na kuanzia 1972 hadi alipostaafu mwaka 2019 alikuwa fundi wa kubomoa, huku mdogo wake akiwa mwashi, na mtaani wakawatania kwamba mmoja anaharibu ili mwenzake asikose riziki. Alibomoa kwa utaratibu, vigae kwanza, kisha milango na madirisha, kuta mwisho, na kabla ya pigo la kwanza alivua viatu, akagusa sakafu kwa paji la uso, akaiomba nyumba radhi. Wenzake walipocheka, aliwaambia kwamba Mungu Shiva habomoi kwa hasira, hubomoa kile kinachotufunga ili tuwe huru, na mwenye nyundo asipoinama atadhani nguvu ni zake. Hayo aliyapata kwa mama yake, aliyewafundisha wanawe kwamba chungu kikivunjika, hewa ya ndani na ya nje huonekana kuwa ni ile ile, haikugawanyika hata siku moja, na roho za watu ndivyo zilivyo.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja mwalimu, mwingine muuguzi, na mkewe, aliyetangulia mwaka 2009, alizoea kusema ameolewa na fundi pekee ambaye kazi yake ikiisha haionekani.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, kwa hiyo hili hatutalificha. Mama alipofariki mwaka 1998, marehemu alimwambia mdogo wake mbele ya watu kwamba mwenye nyumba ni mmoja tu, na tarehe 9 Agosti mwashi akajibu kwa matofali, akapitisha ukuta katikati ya chumba cha sala cha mama, wakaacha kusemezana. Kwa miaka ishirini na miwili marehemu, mbomoaji wa kuta za watu, huo wa kwake hakuthubutu kuugusa, kwa kuwa alijua kilichoujenga ni kiburi chake. Kila jioni aliuegemea, akamsikiliza mdogo wake akiimba sala ya mama upande wa pili, naye akaitikia kwa sauti ya chini, akimlilia moyoni mtu aliyekuwa umbali wa tofali moja.

Februari 2020 daktari aligundua kwamba vumbi limemharibu mapafu. Tarehe 17 Mei 2021, akiwa hawezi kusimama bila kushikwa, aliomba avuliwe viatu, akainamisha paji la uso mbele ya ukuta, akapiga mara tatu, nyundo ikamponyoka. Ndipo yakasikika mapigo kutoka upande wa pili, likatokea tundu la ukubwa wa bakuli, mikono ikashikana humo, na marehemu akasema ukuta huu mgumu kama kichwa cha aliyeujenga, halafu akalia, akasema hakuwahi kuwa mwenye nyumba. Aliaga dunia tarehe 28 Mei, saa nne asubuhi, katika chumba cha mama, kikiwa tena chumba kimoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokuja kuzoa kifusi bila kuitwa, na mafundi wenzake, tuliowaona leo wakivua viatu mlangoni.

Aliyewasomea ni mwashi, mdogo wake. Kaka, nilikuwa nakusikia ukiitikia, jioni zote zile, nikajifanya sisikii. Leo jioni nitaimba, na wa kuitikia sina. Pumzika kwa amani.