Ngoma ya Anselme Roubaud Iliyofungiwa Kabatini

Jumapili, tarehe 31 Machi 1895, Bwana Anselme Roubaud anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kulinda mashamba ya mizabibu na kupiga ngoma ya matangazo hapa Saint-Aubert. Kama mwalimu wa shule nimeombwa niandike maneno matamu. Nitajitahidi, ila nina donge rohoni.

Roubaud si malaika. Aliwahi kumtoza faini mkewe kwa sababu ya mbuzi wao wenyewe, akanyimwa supu wiki nzima. Lakini sauti yake husikika hadi kwenye kinu cha unga ng'ambo ya mto, na hapa kwetu jambo lisilopigiwa ngoma huhesabiwa halijatokea.

Ndiyo maana uchaguzi wa bunge wa 1877 unanichoma mpaka leo. Sisi wa jamhuri tulishindana na waliotaka mfalme arudi. Meya wetu, Bwana de Vaucelles, aliteuliwa na wakubwa ili mfalme apate kura. Karatasi zao za kura zilikuwa nene, zetu nyembamba. Kila mtu alimkabidhi Meya karatasi yake iliyokunjwa, naye akaipapasa kwanza ndipo akaitia kwenye bakuli la supu tulilolifanya sanduku la kura. Waliolima mashamba yake waliogopa kufukuzwa. Kisha akamwamuru Roubaud asimame mlangoni, agawe zile nene na kunyang'anya nyembamba.

"Bwana Meya," Roubaud akamjibu mbele ya watu, "kazi yangu kukamata wezi wa zabibu. Wizi wa kura tafuta mwingine."

Watu wakapata moyo, wakatoa nyembamba zao wazi wazi. Tulipomaliza kuhesabu na kuona tumeshinda, Meya akasema, "Leo hakuna ngoma." Akaifungia kabatini na kumfukuza Roubaud kazi papo hapo.

Mwaka uliofuata Meya aliondolewa, Roubaud akarudishwa. Upepo ulipogeuka, de Vaucelles akageuka nao akawa wa jamhuri, akachaguliwa kuwa Meya tena. Leo anavaa utepe wa rangi tatu za jamhuri na kudai kijiji hiki kilikuwa cha mfalme mpaka yeye alipokifumbua macho. Na ndiye atakayemvika Roubaud nishani. Mtu huyu hana haya hata chembe.

Tulimuuliza Roubaud anataka zawadi gani. "Niachieni ngoma Jumapili," akasema. "Kuna tangazo moja sijalitoa."

Asante, Anselme. Pumzika vizuri, mizabibu yako izae. Nawe Bwana Meya, kiti chako tumekiweka mbele kabisa ili usikie vizuri: jamhuri kura mia moja na kumi na mbili, mfalme themanini na tisa.