Marehemu Gaspard Nzigamasabo na Uamuzi wa Mguu Wake

Gaspard alizaliwa Rumonge tarehe 9 Aprili 1951. Alisoma huko shule ya msingi, kisha shule ya ufundi hapa Bujumbura. Tangu 1974 aliendesha winchi bandarini, na hakuna mzigo uliomponyoka.

Tarehe 5 Agosti 1978 alimwoa Odette. Siku ya posa, wazee walipokwisha kukubaliana, aliwakatiza: "Na yeye mwenyewe, nani amemuuliza?" Walicheka, lakini binti aliitwa, akajibu.

Jumatatu tarehe 3 Machi 1997, akitoka kazini, risasi ilimvunja mguu kwenye barabara ya Musaga. Hospitalini, kama ilivyo desturi yetu, daktari alimwita nje kaka mkubwa, Télesphore, ili waamue. Gaspard akapaza sauti kitandani: "Docta! Mguu ni ya kwangu ao ya kaka? Mukuje muongelee hapa!"

Daktari alirudi, akaketi karibu naye. Alieleza kwamba mguu ukikatwa siku ile, angeishi bila shaka kubwa. Ukisafishwa na kungojewa, huenda ungepona, lakini dawa zilikuwa haba, na ukioza ungeweza kumuua.

"Ingekuwa ya kwako?"

"Ningekata, papa. Lakini mi siendeshi winchi."

"Na we ungepasua watu na mguu moja, ukiegemea nani?"

Wakacheka wote, isipokuwa mkewe. Yeye alisema wazi: "Baba Jovithe, ukatwe. Tutakula hata mihogo mitupu."

"Nimekusikia, Mama Jovithe. Tungoje kidogo. Ikiharibika, docta akate, asiniulize tena."

Jumatano homa ilipanda, mguu ukakatwa. Sumu ilikuwa imekwisha kuingia damuni. Alifariki Ijumaa tarehe 7 Machi, saa nne asubuhi.

Inasemwa mtaani kwamba mkewe alikataa mguu ukatwe, akiona aibu kuwa na mume kilema. Si kweli. Wala daktari hakumtupa. Daktari mwenyewe yupo nasi hapa, mwenye swali amuulize. Kama ingekuwa heri kukata siku ile ile, sisi nyumbani tunajiuliza kila tunapoketi, na hatupati jibu. Lakini Gaspard alielezwa, na neno la mwisho lilikuwa lake.

Ameacha mjane, Odette. Watoto wawili, Jovithe na Chanelle. Na kaka yake Télesphore, aliyesimama kando ya kitanda kile, akasikia kila neno, na ndiye anayewasomea haya. Yamesomwa kwa sauti yake. Sasa Gaspard aachwe apumzike kwa amani.