Pasheni Lililogoma Kuzaa

— Fundi, ungekuwa mimi ungelikata, au ungeendelea kulibembeleza?

Mama Kahawa hakuwa anatania; panga lilikuwa mapajani. Pasheni lake lilitambaa juu ya kijiwe mpaka likawa paa, na kwa miaka minne juisi yake ilileta watu wengi kuliko kahawa. Msimu huu maua yalijaa, yakanukia, yakadondoka. Tunda, hata la dawa, hakuna. Wateja wa juisi walishahamia ng'ambo ya barabara, naye alikuwa amelipatia pasheni muda mpaka asubuhi hiyo. Fundi seremala alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Tatizo ni mawimbi, alidakia Antena, mtengeneza redio. Tangu wasimike ule mnara, hata kuku wangu wanataga kwa kusitasita.

— Mnara una miaka sita, alisema Profesa, cheo alichojipa mwenyewe. Hili limegeuka dume. Kitaalamu tunaita uchovu wa jinsia.

— Limechoka kama wewe? aliuliza Antena.

— Mmea una hisia, bwana. Huyu mama anagombana na simu chini yake kila siku. Likisikia, linafunga tumbo.

— Kwa upuuzi linaousikia hapa, lingekuwa limeshahama, alisema Mama Kahawa, akanyanyuka na panga lake.

Mdogo wake, aliyekuja kumsalimia akitokea mashamba ya pasheni anakofanya kazi ya kuvuna, alikuwa bado anayakagua maua.

— Dada, nyuki wenu wako wapi?

— Si hao hapo, alisema Antena.

— Hao wadogo wanapita chini, wanakunywa, wanaondoka bila kugusa kitu. Nauliza wale weusi, wakubwa kama kidole gumba, wanaotoboa mbao. Yule akiingia, mgongo unafagia unga wa ua, anaupeleka ua la pili, ndipo tunda linashika. Sisi shambani tunawawekea magogo makavu wakae. Yeye anataka mbao, ua linamtaka yeye, dada analitaka ua, na nyie mnamtaka dada. Sasa wako wapi?

Profesa aliinua macho kwenye maua, akaanza kuwatafuta.

Fundi alikuwa anaitazama nguzo ya kibanda. Miezi mitatu iliyopita ilikuwa na matundu kama chujio, naye akaona aibu fundi mzima kukaa chini ya mbao ya namna ile. Gundi, unga wa mbao, msasa, vanishi. Kijiwe kizima kilimsifu wiki nzima.

— Mama, weka panga chini.

— Kwani umejua kinacholisumbua?

— Matundu yalikuwa ishirini na matatu. Niliyaziba mimi.

— Basi wamehamia kwingine, shemeji, alisema yule mdogo mtu, kwa upole. Wana mabawa.

— Nilisubiri jua lizame, alisema Fundi. Nilisubiri mpaka waingie wote ndani.