Mzee Pindo, Fundi Aliyetaka Mikono Itulie

Mume, baba na babu tunayemsindikiza leo alizaliwa mwaka 1949, kitindamimba wa fundi viatu na mkulima wa mboga. Jina lake kamili limo kwenye ratiba mliyoshika, lakini wengi wenu mngelipita bila kulitambua. Mtaani alikuwa Mzee Pindo, kwa sababu pindo la suruali likienda upande lilimkosesha usingizi.

Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu zilimpiga chenga, na kipindi cha sayansi alikitumia kushonea wenzake vifungo chini ya dawati. Mwaka 1966 aliingia chuo cha ufundi, akatoka na cheti cha ushonaji.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: cherehani mbili, dirisha moja, na kioo kirefu kilichopasuka kona. Alikuwa na tabia yake. Akiwaza, vidole lazima vizungushe kitu, kifungo, bobini ya uzi wa cherehani, hata kifuniko cha soda. Mteja anaeleza mshono anaoutaka, yeye anazungusha tu.

Mwaka 1974 mwalimu mmoja wa shule ya msingi alimletea sketi ya kupunguza. Akaambiwa “njoo kesho”, wimbo wa mafundi wote. Kesho ikazaa kesho, mpaka mwalimu akapandisha sauti: “Wewe fundi, sketi yangu umeila?” Kumbe ilikuwa tayari tangu siku ya kwanza, imepigwa pasi, imetundikwa nyuma yake. Walioana mwaka uliofuata. Hadi mwisho alimwita mkewe Mwalimu.

Mwaka 2012 mikono ilianza kutetemeka, na daktari akasema ni ugonjwa wa Pakinsoni. Dawa zilisaidia kwa muda, kisha zikaishiwa nguvu. Sindano ilimshinda, kijiko nacho kikamshinda, na kulishwa kulimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana alipoelezwa kuhusu upasuaji wa kuwekewa waya mwembamba ubongoni, unaoshuka chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye kibetri kifuani, alikubali kabla daktari hajamaliza. Kifaa kilipowashwa, mikono ilitulia. Alitunga uzi kwenye sindano pale pale kliniki, akalia mbele za watu.

Mwaka uliofuata mitetemo ikarudi. Alikata tamaa kabisa, akagawa mikasi yake kwa mafundi wenzake. Mwalimu alirudia kumlisha, kila mmoja akiangalia pembeni. Kisha ikapigwa picha ya eksirei: waya ulikuwa umejisokota kifuani kama uzi kwenye bobini, ukavutika hadi ukatoka mahali pake.

“Mzee, unakichezea hiki kifaa?” daktari aliuliza.

“Mimi? Hata siku moja.”

“Daktari, huyu anakizungusha kwa vidole, humo humo chini ya ngozi,” Mwalimu alisema. “Kila taarifa ya habari ikianza. Mimi nilidhani anajikuna.”

Marehemu alivitazama vidole vyake kama mtu aliyeaibishwa na watoto wake mbele ya wageni.

Waya ulibadilishwa, na safari hii kibetri kikashonwa kwenye msuli kisizunguke. Mwalimu hakuuamini mshono huo. Tangu hapo, jioni zote aliushika mkono wa mumewe, na majirani wakawatania kwamba uzeeni ndiyo wameanza uchumba. Ulikuwa ulinzi, ingawa wote wawili waliufurahia mno. Miaka yake ya mwisho alikula kwa mkono wake mwenyewe, akadai mikasi yake irudishwe, akashona.

Mwezi huu alishikwa na homa ya mapafu. Alifariki Jumanne asubuhi, mkewe akiwa kando ya kitanda. Daktari alikuja na rimoti, akaeleza kwa upole kwamba kibetri bado kinafanya kazi, akauliza kama akizime. Mwalimu aliitazama ile mikono miwili juu ya shuka.

“Kiache hivyo hivyo, daktari. Asije akaanza kutetemeka na mimi sipo.”

Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wakwe na wajukuu saba. Hadi tunasoma maneno haya, kibetri hakijazimwa. Mwenyezi Mungu amlaze kwa utulivu.