Mayu Felisita na Neno Lililompeleka Kimali

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Felisita Masunga anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Jina hilo lote hutajwa na mhasibu peke yake. Kwetu sisi wengine wa kituo hiki cha utafiti hapa Bariadi, kuanzia mkurugenzi mpaka mama wa chai, yeye ni Mayu Felisita, yaani mama kwa Kisukuma, na hata waliomzidi umri wameshindwa kumwita vingine.

Alizaliwa Nyashimo, akasomea uuguzi, akafanya kazi katika zahanati za vijijini mpaka utafiti ulipomwita. Alianza nasi zama za madodoso ya karatasi, yaliyobebwa kwenye mfuko wa rambo ili mvua isiyafikie. Vishikwambi vilipokuja alivitilia shaka wiki nzima. Wiki ya pili alikuwa anawafundisha vijana wa chuo namna ya kuvitumia, tena kwa ukali.

Kazi yetu ni kuuliza maswali ambayo watu wenye adabu hawaulizani: mambo ya chumbani, kinga, uzazi wa mpango, huzuni isiyoisha. Mayu aliyauliza kwa sauti ileile anayoulizia bei ya dagaa, na watu wakamjibu. Kule Zagayu, mzee mmoja alipoulizwa kama wiki mbili zilizopita amekosa hamu ya kufanya mambo, alishangaa akasema, “Palizi ya pamba hii, nani ana hamu nayo?” Mwongozo wetu ungemhesabu kuwa mgonjwa wa sonona. Mayu alirudi ofisini akalipigania swali lile mpaka likaandikwa upya.

Lakini huwezi kumuaga Mayu bila kusimulia habari za “mpendwa”. Tunazisimulia kwa ruhusa ya wenyewe.

Miaka minne iliyopita tulianza kutuma ujumbe wa simu kwa wanandoa vijana, tuone kama simu inaweza kuwasaidia kutunza afya ya uzazi na utulivu wa akili. Kila wiki mshiriki aliulizwa hali yake. Akijibu 1, yuko vizuri. Akijibu 2, hayuko vizuri, na Mayu anampigia waongee. Ujumbe wenyewe aliutunga Mayu. Naye ni mwanakwaya, na kanisani kwao kila mtu ni mpendwa, hata anayekudai. Basi akaandika: “Mpendwa, tunakukumbuka. Moyo wako ukoje leo?” Tukausoma wote, wasomi wazima, tukaupitisha.

Asubuhi moja kwenye kompyuta ukaingia ujumbe kutoka kwenye simu ya mshiriki mmoja wa Kimali, wilayani Meatu, kwa herufi kubwa: “WEWE MWANAUME MKE WANGU SI MPENDWA WAKO. NJOO TUONANE USO KWA USO.” Mtambo, ambao hauna akili ya kuogopa, ulikuwa umeshamjibu: “Mpendwa, hatujaelewa jibu lako. Tafadhali jibu 1 au 2.” Akatukana tena, akaitwa mpendwa tena. Sisi wa kitengo cha takwimu tulicheka mpaka machozi. Mayu hakucheka. Aliuliza swali moja tu: huyo mke yuko wapi sasa hivi?

Alikuwa amerudishwa kwao. Jina lake Nyanjige, mama wa watoto wawili, na mumewe ni Maduhu, mfugaji. Maduhu alikuwa ameshatangaza kwamba ndoa imekwisha na ng'ombe wake wa mahari warudi.

Mayu aliondoka siku hiyohiyo kwa bodaboda, chombo anachokiogopa kuliko chatu, na mimi mwandishi wa wasifu huu nikafuata kwa bodaboda ya pili. Tulimkuta Maduhu uani na kaka zake wawili, wamesimama na fimbo, wanamsubiri mwanaume. Mayu akavua kofia ngumu, akaweka sawa kitenge chake, akawasalimia, “Mwadila.” Kisha akasema, “Mwanaume mliyemwita ndiye mimi. Nimekuja.”

Kaka mkubwa ndiye aliyeanza kucheka. Mayu akaeleza kosa ni lake, si la Nyanjige, na akaomba radhi bila kuzunguka. Maduhu alisikiliza mpaka mwisho, ila hakucheka. Aliuliza, “Sawa, hakuna hawara. Sasa kila wiki mke wangu anawaambia nini?”

Hapo palikuwa pagumu. Majibu ya Nyanjige yalikuwa kwenye kishikwambi, ndani ya begi la mwandishi, na mkono wa mwandishi ulishaanza kulifungua, maana kuonyesha kungemaliza kesi papo hapo. Mayu alimtazama, mkono ukarudi. Akamwambia Maduhu, “Hayo ni yake, baba. Siwezi kukupa, hata ukimwacha. Nenda kamuulize mwenyewe, ila muulize umekaa chini.”

Nilidhani tumempoteza. Kwenda ukweni ulikomfukuzia mke si jambo dogo kwa Msukuma, maana mama mkwe hatazamwi usoni. Maduhu alikwenda hata hivyo. Alikaa kwenye kigoda nje ya boma la wakwe zake, kichwa ameinamisha, mpaka Nyanjige akatoka na kukaa karibu naye. Sisi tuliwaacha hapo. Siku ya tatu walirudi kwao pamoja na watoto.

Siku hizi swali la kwanza katika kila utafiti wetu ni hili: simu hii anaishika nani mwingine? Vituo vingine vimeliomba, nasi tumevipa. Maduhu naye alijiandikisha kuwa mshiriki, kwa sharti la kutoitwa mpendwa.

Tulipomwomba Nyanjige ruhusa ya kuandika haya, alikubali, akaturuhusu kusema kwamba wiki zile alikuwa akijibu 2. Zaidi ya hapo, alisema, mumewe anajua na Mayu anajua, inatosha. Nilishamchokonoa Mayu mara nyingi wakati wa chai. Huwa ananiongezea chai.

Kisha Nyanjige akatuuliza, “Mayu akiondoka, mimi nitampigia nani?” Tukamwambia yupo Violeth, muuguzi aliyefundishwa na Mayu mwenyewe. Akasema sawa, atampigia, asikie kwanza anasalimiaje.

Mayu Felisita, wabeja sana, asante kwa yote. Nenda Nyashimo ukalime mpunga wako, ulale mchana bila kuulizwa, wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Mungu akupe afya na miaka mingi. Violeth anafanya mazoezi ya kusalimia.